Taa ya zamani ya resini yenye maua ndani imegeuka njano, inasafishika?

Mkuu, umeuliza kama taa yako ya resini, yaani plastiki ya majimaji inayomiminwa ikaganda, yenye maua na masuke yaliyogandishwa ndani, inaweza kung'aa tena, na kama ni salama kuiwasha. Mimi ninazo tatu. Ya nne niliiua kwa mikono yangu.

Njano hiyo mara nyingi imekaa juu juu tu. Taa nyingi za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo za wafinyanzi wa Accolay kule Ufaransa, zilimiminwa kwa resini, na jua huanza kuichoma kwa nje. Geuza taa, tafuta pembe isiyoonekana, lowesha msasa namba 800 usugue eneo la ukubwa wa kidole gumba. Pakikauka patakuwa peupe kama chokaa, usishtuke. Dondoshea tone la maji uchungulie ndani kupitia tone hilo. Ukiona pameng'aa kuliko pembeni, una bahati: endelea na namba 1000, 1500 hadi 2000, maji muda wote maana vumbi lake si la kuvuta, kisha umalizie na dawa ya kung'arishia rangi ya magari. Ukiona njano ileile, iache. Rangi ya asali ina watu wake, mimi mmojawapo.

Asetoni usiiguse kabisa. Ile yangu niliipangusa mara moja tu; uso ukaanza kunata, nyuzi za kitambaa zikagandia humo, na hadi leo ina ukungu kama kioo cha bafuni. Sabuni na maji ya uvuguvugu vinatosha.

Yale mabaka ya rangi ya fedha kwenye petali ni hewa iliyobaki kati ya ua na resini, kwa kawaida kwa sababu ua halikukaushwa vizuri. Hayatoki. Akija mtu kukwambia atatoboa ajaze, mfukuze.

Kuhusu kuwasha: pinda waya taratibu karibu na holda. Ganda likipasuka au kumeguka, usichomeke kwenye umeme, mpe fundi abadilishe waya na holda. Balbu weka ya LED, wati 4 au 5. Moja ya zangu ilikuwa na balbu ya kizamani ya wati 60, na ufa wake umeanzia palepale kwenye holda, ukapita katikati ya jani lililogandishwa ndani.