Barua kwa mwanangu: kabla ya kikao cha Jumatatu

Mwanangu mpenzi,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema kwenye kikao kilichopita ulikuwa umeshagundua kwa nini mfumo wenu unamkata mteja malipo mara mbili mtandao ukiyumba, lakini ulinyamaza. Mwenzako wa kiume akakisia jambo hilohilo, akasifiwa. Ndipo ukaniuliza: "Mama, siku yako kazini huwa inakwendaje, na ulifanyaje mpaka ukaweza kusema mbele yao?" Nakujibu yote kwa pamoja, maana kwangu hayaachani.

Siku yangu huanza kabla ya chai. Nafungua simu, naangalia grafu za usiku: laini ipi ilianguka, wapi mzigo wa data ulipanda kuliko kawaida. Nikifika ofisini nakabidhiwa zamu na waliokesha, tiketi moja baada ya nyingine, yaani taarifa ya kila hitilafu, kwa maandishi. Kuna vikao, kuna simu za wateja, kuna barua pepe. Lakini kazi hasa ni pale faiba, ule uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, inapokatika, na hukatika mara nyingi, zaidi kwa kijiko cha mkandarasi anayechimba barabara au mtaro.

Hapo tunafunga OTDR, kile kifaa cha kupimia. Kinapeleka mapigo ya mwanga ndani ya faiba, na palipokatika sehemu ya mwanga ule inarudi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukigawa sekunde moja mafungu milioni moja, na mwanga ukarudi baada ya mafungu 100, umesafiri kilomita 20 kwenda na kurudi. Basi mkato uko kilomita 10 kutoka ulipo.

Nilipoanza kazi, mkato ulitafutwa kwa sauti. Kaka mwenye miaka mingi kazini akisema "ni Mbezi", gari linakwenda Mbezi. Mimi nilikuwa msichana pekee kwenye timu, na kila kikao niliambiwa niandike kumbukumbu kana kwamba ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nikaomba kukishika kile kifaa. Nikaomba kwenda saiti. Nikajifunza kuunganisha faiba nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara pamoja na mafundi, vumbi mpaka kwenye kope. Siku ikafika nikasema mbele ya wote: mkato uko kilomita 10, kabla ya daraja, na kipimo hiki hapa. Walikwenda, wakaukuta. Moyo ulinidunda vilevile siku ile, mwanangu. Sikungoja woga uishe ndipo niseme. Nilisema kwa kuwa nilikuwa nimepima mwenyewe.

Na kujiamini si kujua kila kitu. Unaikumbuka Jumapili ile ya Mei 12, 2024, intaneti ilipozorota nchi nzima? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Tulihamishia mzigo kwenye njia zilizobaki, nazo hazikutosha. Wakubwa walitaka kuambiwa saa ya kurudi hewani. Nikawaeleza kinachojulikana: kebo iko chini ya bahari, lazima meli ya matengenezo ifike kwanza, kwa hiyo saa siwezi kuahidi; saa kumi jioni nitaleta taarifa nyingine. Saa kumi nikaileta. Watu humwamini anayewaambia "bado sijui" kisha akarudi kama alivyosema.

Sasa la kwako. Mwaka 1946 huko Marekani kompyuta ya ENIAC ilionyeshwa hadharani. Hesabu za maonyesho yale zilipangwa na Betty Jennings na Betty Snyder, wawili kati ya wanawake sita walioipangia kompyuta ile kazi. Siku ya kuizindua hawakutajwa. Nimelifikiria sana hilo, na linanichoma hadi leo, maana wewe umebaki bila kutajwa kwa kazi ambayo hata hukuiandika mahali. Hilo la kuandika liko mikononi mwako. Kutosikilizwa kwa sababu u mwanamke si kosa lako, na usikubali likugeuke likawa lako.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu fungua tiketi kwa jina lako. Weka mifano ya miamala iliyojirudia, saa yake, na mahali mtandao ulipokatika. Andika na dawa unayoipendekeza: kila ombi la malipo liwe na namba yake ya pekee, ili likitumwa tena mfumo ulitambue na usikate pesa upya. Kikaoni sema mapema, mazungumzo yakiwa bado machanga. Mwenzako akilichukua, usigombane naye. Sema: "Ndiyo, ndivyo nilivyoandika kwenye tiketi, kilichobaki ni kukubaliana nani afanye majaribio." Kisha jitolee kuyafanya wewe. Na yule dada wa idara ya hifadhidata uliyeniambia hasemi kitu, muulize anaonaje, mbele ya watu.

Nitumie hiyo tiketi Jumapili niisome. Niko zamu ya mchana, kwa hiyo nipigie baada ya saa mbili usiku.

Mama yako