Anayepewa Shingo Kila Jumapili

Ukitaka kujua kama nyumba ina upendeleo, usiwaulize wazazi. Tazama kuku anavyogawanywa Jumapili baada ya ibada. Huku Kakamega na Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba, na hilo halina ubishi. Shida ni mapaja. Mapaja ni mawili, watoto ni watano, na yule mtoto wa kambo amekula shingo Jumapili tatu mfululizo. Hakuna aliyepanga hivyo. Mkono wa anayepakua humfuata mtoto aliyemzaa mwenyewe. Lakini mtoto anahesabu. Anahesabu shingo, na anahesabu nani hutumwa dukani giza likishaingia.

Basi na wazazi wahesabu. Kila muhula, kabla shule hazijafunguliwa, baba na mama wakae na daftari waandike kila mtoto aliomba nini, alipewa nini, na lini: viatu, sare, nauli, sanduku la bweni. Msilinganishe shilingi kwa shilingi, maana wa sekondari hula pesa kuliko wa chekechea. Angalieni tarehe. Aliyeomba viatu Januari akavipata Mei, ilhali mwenzake alinunuliwa wiki ile ile, huyo ndiye mnayempunja. Kazi nazo ziandikwe: nani huchota maji, nani huosha sufuria ya ugali.

Wengi hufunga siku tatu wakiomba moyo wa kumpenda mtoto wa kambo, na sahani inabaki ile ile. Someni Kumbukumbu la Torati 21:15–17. Mume ana wake wawili, mmoja anapendwa, mwingine hapendwi, na mzaliwa wa kwanza ni wa asiyependwa. Torati haikumwamuru mume huyo ajisikie vingine. Ilimwamuru ampe kijana mafungu yake mawili ya urithi. Mama wa kambo ambaye moyo haujafunguka anaweza kuanzia hapo bila unafiki wowote.

Nidhamu ndiyo huharibu mengi. Mwaka wa kwanza hivi, aliyemzaa ndiye aadhibu. Mwingine asimamie tu sheria mlizokubaliana wote. Mtoto akisema "wewe si mama yangu," usimrushie Waefeso 6:2 kuhusu kuheshimu wazazi. Watu huishia hapo, wakati mstari wa 4 unawakataza akina baba kuwachokoza watoto. Akikuita Anti, itika. Na picha ya mama yake ibaki ukutani.

Kwako uliyekataliwa: Yeftha alifukuzwa na ndugu zake kwa kuwa mwana wa mwanamke mwingine. Wazee wa Gileadi walipomfuata baadaye kuomba msaada, aliwauliza waziwazi kama si wao waliomchukia na kumfukuza (Waamuzi 11:7), kisha akaenda kuwapigania. Kwa hiyo kusamehe hakukuzuii kulitaja kosa. Tafuta mtu mzima mmoja, shangazi au mzee wa kanisa, uende naye kwa wazazi ukiwa na jambo moja tu. "Hamnipendi" watalikana. "Wenzangu walilipiwa karo ya muhula wa pili, mimi nikakaa nyumbani" hawana pa kulikwepa. Ikiwa ni kipigo au kunyimwa chakula, hayo si ya mkesha: nenda kwa chifu au afisa wa watoto, au piga 116, hailipishwi.

Kuna upendeleo wa karatasi pia, na huo huonekana mtu akishafariki. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinamtambua mtoto wa kambo kama tegemezi ikiwa marehemu alikuwa akimtunza hadi kifo chake. Mtoto wa kuzaa haulizwi kama alitunzwa. Wa kambo lazima athibitishe, tena mbele ya wajomba wasiomtaka. Risiti za karo na lile daftari vitamsaidia, ila wosia ni bora zaidi: mtajeni kwa jina, mashahidi wawe wawili au zaidi, na wasiwe warithi. Andikeni pia orodha ya watoto mapema, kwa sababu kamati ya mazishi ikikaa kutunga tangazo la redio, jina lake ndilo husahaulika.