Dawa Zipo, Kwa Nini Fedha Ziende Kwenye Utafiti?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Atlanta, Marekani. Darasani tulipewa tangazo la ruzuku za utafiti wa kupunguza tofauti za maambukizi ya VVU na za uraibu wa dawa za kulevya miongoni mwa makundi ya walio wachache. Mwenzangu mmoja alisema ni afadhali fedha hizo zinunue dawa, kwa kuwa ARV zipo na methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ipo. Sikuwa na jibu. Je, ana hoja? Na mimi mwenye wazo dogo tu, nina nafasi ya kuomba? (Mwanafunzi, Atlanta)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hoja ya mwenzako ingesimama kama tatizo lingekuwa uhaba wa dawa. Tazama PrEP, dawa ya kumkinga na VVU mtu ambaye hajaambukizwa, ambayo Marekani iliruhusu itumike mwaka 2012. Makadirio ya mwaka 2021 ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yalionyesha kwamba kati ya Wamarekani weupe waliostahili kuitumia, takriban asilimia 78 walikuwa wameandikiwa, ilhali kwa Wamarekani weusi ni takriban asilimia 11 tu. Na hawa ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi, maana ni kiasi cha asilimia 12 ya wakazi wa nchi hiyo, lakini ni karibu asilimia 40 ya wanaopata maambukizi mapya. Kidonge ni kile kile, na kilikuwa kwenye maduka ya dawa miaka yote hiyo. Ukiongeza shehena bila kujua inakwama wapi, iwe ni kwa daktari asiyemtajia mgonjwa wake dawa hiyo, kwenye bima, au katika hofu ya mtu kuonekana akiichukua, utakuwa umewaongezea wale wale waliokuwa wakiipata tangu mwanzo.

Upande wa uraibu, pengo hilo linaonekana kwa macho. Kwa miaka mingi anayeanza tiba ya methadoni alitakiwa kufika kituoni karibu kila siku, apange foleni, anywe dozi yake mbele ya muuguzi, ndipo aende kibaruani. Buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huo iliyoruhusiwa mwaka 2002, huandikwa na daktari katika chumba chake, na mgonjwa huichukua duka la dawa kama dawa nyingine yoyote. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba njia hiyo yenye staha iliwafikia zaidi wagonjwa weupe wenye bima au fedha taslimu. Sasa mfikirie mgonjwa wa methadoni anayeishi na VVU, ambaye kliniki yake ya ARV iko upande mwingine wa mji na hufunguliwa saa zile zile. Akikosa miadi huhesabiwa mtoro, ilhali asubuhi hiyo hiyo alikuwa amesimama dirishani mbele ya mhudumu wa afya, kikombe cha dawa mkononi.

Hapo ndipo utafiti ulipofanya kazi ambayo dawa peke yake isingeweza. Katika vituo vya methadoni vya Bronx, New York, watafiti walijaribu jambo jepesi: mgonjwa akija kunywa methadoni, apewe na ARV zake hapo hapo, azimeze akiangaliwa. Ufuasi wa dawa uliongezeka na virusi vikapungua, kuliko kwa waliojimezea wenyewe kama kawaida. Jaribio lilipokwisha na huduma hiyo kuondolewa, faida yake nayo ilitoweka. Nalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu linamwambia mtoa fedha neno asilopenda kusikia, kwamba huduma ya namna hii inahitaji bajeti ya kudumu, wala haiwezi kuachiwa mradi wenye tarehe ya kufungwa.

Kuhusu wazo lako dogo, fahamu kwamba pengo limo hata katika ugawaji wa fedha zenyewe. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba nafasi ya mwombaji mweusi kupata ruzuku ya NIH, yaani taasisi za taifa za utafiti wa afya, ilikuwa chini ya ile ya mweupe kwa takriban pointi 10 za asilimia, hata baada ya elimu na machapisho yao kuzingatiwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulibaini kwamba sehemu ya pengo hilo ilitokana na mada: waombaji weusi walielekea zaidi kwenye utafiti wa jamii na wa tofauti za kiafya, na mada hizo hazikupata fedha kwa urahisi. Usikubali, basi, wazo lako lipimwe kwa jina la udogo.

Kwa ngazi yako, hutarajiwi kuongoza ruzuku kubwa. Mtafute mhadhiri mwenye mradi unaofadhiliwa na NIDA, taasisi ya NIH inayoshughulikia uraibu, wazo lako liwe swali moja ndani ya takwimu zake. Ukifika shahada ya uzamivu, zipo ruzuku za mafunzo ziitwazo F31. Kabla ya kuandika chochote, mwandikie ofisa aliyetajwa kwenye tangazo na uhakikishe kwamba bado liko wazi, kwa kuwa mwaka 2025 NIH ilisitisha mamia ya ruzuku, zikiwamo nyingi zilizohusu makundi haya, na baadhi ya watafiti wakaenda mahakamani. Na katika andiko lako weka fungu la kuwalipa wagonjwa watakaokaa kwenye kamati ya ushauri. Nauli peke yake haitoshi, maana nao siku ya kikao wanaacha kibarua.