Kozi Yangu Ilifia Slaidi ya Tisa

Wiki jana dada mmoja wa sacco hapa mjini aliniandikia: "Dada, bosi anataka nitengeneze kozi ya takwimu ya wafanyakazi kujisomea. Nitumie programu gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo ndilo nililoanza nalo mimi, na ndilo lililonizamisha.

Wakati huo nilikuwa katika kampuni moja ya usambazaji, Industrial Area, Nairobi. Nilikuwa na digrii ya takwimu na kiburi chake. Miezi minne usiku nilirekodi sauti ndani ya kabati la nguo kule Umoja, blanketi kichwani, maana jirani wa juu alikuwa na redio isiyolala. Slaidi 84. Nilianza na aina za data nikapanda hadi regresheni, yaani kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine. Slaidi ya tisa niliweka alama ya sigma, ile herufi ya Kigiriki ya kwenye fomula, ya rangi ya dhahabu, inazunguka. Niliipenda sana ile sigma.

Watu waliishia hapo. Mfumo ulinionyesha mmoja mmoja: slaidi ya tisa, slaidi ya tisa, slaidi ya tisa. Mmoja tu ndiye aliyefika mwisho, na baadaye nikagundua alikuwa akibofya "endelea" huku akinywa chai. Kikaoni meneja akasema mbele ya wote, "Kumbe miezi minne tulikuwa tunalipia katuni?" Wakacheka. Nami nikacheka. Miaka imepita, lakini nikikatiza Enterprise Road tumbo bado hunikaza.

Aliyeniokoa ni mzee wa stoo. Nilishuka kumwuliza, "Mzee, ni wapi hasa palikushinda?" Sigma hakuitaja. Alinifungulia daftari lake la safari. "Wewe niambie hii. Ripoti inasema lori huchukua wastani wa dakika 70 kufika Westlands. Lilichukua 70 siku gani?" Tukasoma pamoja: 40, 42, 45, 43, na 180 siku ya mafuriko Mombasa Road. Jumla 350, gawa kwa tano, 70. Hesabu ni sahihi, na hakuna siku hata moja iliyoikaribia. Nikamwambia azipange kuanzia ndogo, achukue ya katikati. 43. Akaguna. "Hii sasa naijua."

Kozi ya pili ilitoka kwenye daftari lile. Kuijenga sisimulii, ni kuandika na kufuta. Somo la kwanza ni zile siku tano. Msomaji huulizwa kwanza, akosee, ndipo aelezwe. Jina la kitaalamu huja mwisho, likija. Kwa grafu nilitumia mfano wa mwanatakwimu Francis Anscombe wa 1973: makundi manne ya data, nukta 11 kila moja, wastani ule ule, uhusiano karibu ule ule, lakini ukizichora, moja ni upinde na nyingine ina nukta moja iliyotoroka wenzake. Watu wa mauzo waliibishania hadi saa ya chakula! Kila somo dakika sita, lisomeke kwa simu ndani ya matatu bila kumaliza bando. Siku tatu baadaye swali la zamani hurudi bila taarifa.

Basi ndugu zangu mliochoka kujazia wengine majedwali ya Excel, na najua mmechoka, shukeni stoo kabla hamjafungua kompyuta. Ulizeni watu hubishania nambari gani. Msifundishe mnachojua, hicho ni kiburi, na mimi nilikuwa nacho gunia zima. Ulizeni tena. Na msihesabu waliomaliza, maana hata yule wa chai alimaliza. Sikilizeni wanauliza nini ripoti ikisomwa.

Dada wa sacco, programu sijasahau. Moodle ni ya bure, ipo tangu 2002, na kwa simu inafanya kazi, itakutosha. Ila kesho asubuhi keti kwanza na karani wa mikopo. Mwombe daftari, mtafute pamoja mwanachama aliyewahi kukopa ule "wastani wa mkopo" ulioandikwa kwenye ripoti yenu ya mwaka. Mkimpata au mkimkosa, niandikie.