Mdogo wangu unayeanza mlima, kuhusu ule ubao wa asilimia

Nina mwaka wa 11 mlimani Kilimanjaro sasa, nilianza kama mgumu nabeba mizigo, nikawa asistenti, leo naongoza. Nyie mnaoanza msimu huu hapa Moshi nina jambo moja tu la kuwaambia, ya buti na soksi miguu itawafundisha yenyewe.

Ofisini mtakuta ubao. Jina lako, wageni uliopanda nao, wangapi wamefika kileleni Uhuru, alafu asilimia. Ukiwa juu unapewa safari nono za mwezi wa 7, ukiwa chini unashinda mjini unapiga stori. Ukiangalia haraka unaona ni haki kabisa, kazi yetu si kufikisha watu mita 5,895? Hata mimi nilikuwa najigamba nao.

Sasa piga hesabu. Mgeni wa njia ya Marangu siku 5 analala kambi ya Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720, alafu saa sita usiku hajapata hata usingizi unamwamsha aende kileleni. Mita elfu kila siku! Mwenzako ana njia ya Lemosho siku 8, mgeni wake kapita Lava Tower juu ya 4,600 kisha kashuka kulala Barranco chini ya 4,000, mwili umezoea taratibu. Hizo siku 5 kaziuza mtu wa ofisini, kakaa kwenye kiti chake, ila jina linaloshuka kwenye ubao ni lako.

Kuna usiku tumepita kidogo pango la Hans Meyer, juu ya Kibo, mgeni wangu akaanza kupepesuka kama katoka kilabu cha mbege. Nikamwambia tembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, akadondoka. Kipimo cha oksijeni kidoleni kinasoma asilimia 61, chini mno. Analia, hataki kurudi, kalipa hela nyingi na nyumbani kaaga. Nikamshusha. Asubuhi yuko Horombo anakunywa uji anacheka, ila kwenye ubao: hakufika. Mwezi huohuo mwenzangu alimkokota wa kwake mpaka kwenye kibao cha Uhuru, picha ikapigwa, kushuka akashushwa kwa machela. Kwenye ubao: amefika. Na simlaumu sana, ana ada za watoto, na ule ubao ndio uliomtuma.

(Mama watoto ni mwalimu wa serikali, nilivyomsimulia akacheka. Alijaza OPRAS, zile fomu za kupima utendaji wa watumishi, miaka na miaka, sasa ni PEPMIS, kipimo kilekile kwenye kompyuta, na anasema kukaa na mtoto asiyejua kusoma mpaka jioni bado hajaona pa kuandika.)

Kwa hiyo nunua daftari. Andika njia, siku ngapi, oksijeni ya jioni na asubuhi, nani umemgeuza, saa ngapi, kwa nini. Andika palepale kambini maana ukishuka getini utasahau. Na kwenye kikao usiende kugomba, mimi niligomba nikanyimwa safari tatu mfululizo. Msimu uliopita nikaenda na daftari nikamuuliza bosi taratibu tu, huyu wa siku 5 na huyu wa siku 8 mnawapanga mstari mmoja kwa nini? Akapekua kurasa, akaguna, akasema tutaangalia.

Hawajaangalia. Ubao uko vilevile, ila pembeni ya asilimia kuna kasafu ka kalamu, njia na siku, nilikachora mwenyewe na mpaka leo hakuna aliyekafuta.