Cheti cha vidonda na ubingwa wa uuguzi

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni muuguzi wa stashahada, niko Chake Chake, mwaka wa sita sasa wodi ya wanaume. Nilipata kozi ya wiki mbili ya kuhudumia vidonda, na tangu hapo wenzangu wananiita "bingwa". Je, ni muuguzi bingwa kweli? Na nikiusomea ubingwa, nitatolewa wodini nipelekwe ofisini?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Wenzako wameona mkono wako mzuri, na hilo si dogo. Lakini bado hujawa bingwa. Kozi ile imekupa ujuzi wa kazi moja. Ubingwa unataka leseni ya uuguzi, shahada ya kwanza, kisha uzamili katika fani moja. Ndivyo inavyopendekeza hata miongozo ya mwaka 2020 ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Marekani, ambako muuguzi Hildegard Peplau alianzisha uzamili wa uuguzi wa afya ya akili Chuo Kikuu cha Rutgers mwaka 1954, mwanafunzi wa ubingwa hamalizi bila ya saa 500 kwa wagonjwa, chini ya msimamizi. Kwako wewe hatua inayofuata ni shahada. Uzamili utakuja baadaye. Chuo cha Muhimbili, kwa mfano, wanasomesha uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na wa afya ya akili.

Hilo la ofisini naona ndilo linalokuuma. Chukua mzee wa Micheweni aliyepooza upande mmoja, amelala siku kumi, kiuno kimeanza wekundu. Muuguzi hodari atamsafisha na kumgeuza. Bingwa naye atamgeuza kwa mikono yake, tena atampima kwa kipimo cha Braden, chenye mambo sita: kuhisi, unyevu wa ngozi, kutembea, kujigeuza, lishe na msuguano. Jumla ya alama ikiwa 18 au chini, mgonjwa yumo hatarini kupata vidonda vya malazi, yaani vya kulala muda mrefu bila ya kugeuzwa.

Lakini haishii kitanda hicho. Atajiuliza mbona mwezi huu wamepata vidonda vya malazi watu wanne, na mbona vyote vimeonekana asubuhi. Akenda kuangalia zamu ya usiku, huenda akakuta muuguzi mmoja kwa wodi nzima, na shuka za kugeuzia hazipo. Basi atawafundisha wenzake palepale kitandani, atawaonesha jamaa wanaolala na mgonjwa namna ya kumgeuza bila ya kumburura, kisha hesabu zake atazipeleka kwa matroni ili zamu ipangwe upya. Mgonjwa, wauguzi wenzake na utaratibu wa hospitali, kote kutatu ni kazini kwake. Akihamia ofisini moja kwa moja, hesabu hizo atazipata wapi?

Dawa hukuuliza, ila wengi huuliza. Ubingwa peke yake haukupi ruhusa ya kuandika dawa. Hata Marekani jambo hilo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Mipaka ya leseni yako waulize Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar kabla hujalipa ada popote.

Na wakati unasubiri nafasi ya chuo, anza daftari. Kila kidonda: tarehe kilipoonekana, pahala mwilini, upana kwa sentimita, zamu gani, kimepona lini. Majina ya wagonjwa usiyaandike. Ukifika siku ya kuchagua mada ya utafiti, utakuwa na la kuuliza kutoka wodini kwako mwenyewe.