Maswali Yenu: Stika Zenye Ukungu na Gari Jeupe Lililogeuka Waridi

Swali: Nimejenga modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya skeli 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi) na kuipaka kijani kisichong'aa. Rangi imekaa vizuri sana, ila stika za maji (zile zinazolowekwa ili ziteleze kutoka kwenye karatasi yake) zimefanya utando wa fedha kuzunguka kila alama. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama maelekezo yalivyotaka. Nimekosea wapi?

Jibu: Ni hiyohiyo rangi unayoisifu. Rangi isiyong'aa ina uso wa mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Stika ikilala juu yake, hewa hunaswa chini, na hewa hiyo ndiyo inayomeremeta kama fedha.

Kabla ya stika, puliza vanishi inayong'aa, tabaka mbili nyembamba, kisha iache saa 24. Kata alama karibu na ukingo wa wino kadiri mkono utakavyoruhusu, maana utando mtupu wa stika usio na wino ndio unaoonyesha aibu. Ichovye kwa sekunde 15 hivi, itoe, ilaze kwenye kitambaa chenye unyevu na usubiri dakika moja hadi iteleze kwenye karatasi yake. Wengi huiacha ielee bakulini mpaka ijitoe yenyewe; hapo gundi yote huishia majini.

Lowanisha mahali pa kubandika, telezesha stika, kisha ukamue maji kwa pamba ya kijiti ukitoka katikati kwenda nje. Dawa ya kulainisha stika hupakwa mwisho. Alama itajikunja kama ngozi ya mzee na utatamani kuinyoosha kwa kidole. Usiiguse! Ikikauka itajivuta yenyewe na kuingia kwenye mistari ya maungio ya bati iliyochongwa kwenye plastiki. Kesho yake futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji, ndipo urudishe vanishi isiyong'aa juu ya ndege nzima.

Kwa hizo zilizokwisha haribika: toboa utando kwa ncha ya sindano, sehemu nyingi, upake dawa ya kulainisha ipenye chini. Rudia mara mbili au tatu. Ukungu utapungua, ingawa si lazima uishe wote.

Swali: Gari langu la skeli 1/24 lilikuja na bodi ya plastiki nyekundu. Nimepaka nyeupe tabaka nne na bado linageuka waridi. Niongeze la tano?

Jibu: Hapana. Rangi iliyotiwa kwenye plastiki yenyewe inayeyushwa na tina ya rangi yako na kupanda juu. Kila tabaka jipya zito lenye tina nyingi linaipandisha tena, na zaidi ya hapo unaziba mistari ya milango.

Acha bodi ikauke kabisa, isugue kwa msasa namba 2000 uliolowa, kisha puliza tabaka nyembamba za rangi ya fedha hadi wekundu ufichike. Chembe zake za alumini hulala kama magamba ya samaki na kuziba njia. Juu yake weka praima nyeupe, halafu nyeupe yako kwa vumbivumbi, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi. Jaribu kwanza upande wa ndani wa boneti na uisubiri siku mbili, kwa sababu waridi hujitokeza polepole.

Swali: Supaglu imeweka ukungu mweupe ndani ya kioo cha rubani. Unatoka?

Jibu: Ni mvuke wa gundi uliogandia. Kama kioo kinabanduka, kisugue kwa msasa laini sana uliolowa, namba 4000 kwenda 12000, umalizie kwa dawa ya kung'arisha plastiki. Ukishakifunga kabisa, huna njia ya kufika ndani. Siku nyingine tumia gundi nyeupe ya mbao: hukauka bila rangi na kuziba nyufa ndogo.

Swali: Nataka kujenga P-38 Lightning ya 1/72, ile ndege ya kivita ya Marekani yenye injini mbili. Nizuieje isikalie mkia?

Jibu: Ndege yenye gurudumu la mbele na mikia mirefu namna hiyo haina simile, na uzito lazima uingie kabla hujafunga pua. Kwanza shikiza vipande vyote vikubwa kwa utepe, pamoja na mkia. Iegemeze juu ya penseli mbili, moja kila upande, palepale yatakapokaa magurudumu makuu, kisha ongeza chubwi za kuvulia samaki puani hadi iangukie mbele. Ongeza kidogo tena kwa ajili ya rangi. Nafasi ya pua isipotosha, jaza sehemu ya mbele ya injini zote mbili, nazo ziko mbele ya magurudumu.

Chubwi za madini ya risasi zishikwe kwa epoksi au supaglu. Ile gundi nyeupe niliyoisifu hapo juu haifai hapa: risasi huliwa nayo taratibu, hufanya unga mweupe, huvimba, na baada ya miezi au miaka pua hupasuka kwenye maungio. Nawa mikono ukimaliza kuzishika.